Hedhi Nayo Ipewe Fungu Lake

Katika nyumba nyingi za Goma, maji hugawanywa kabla jua halijachomoza. Bidoni la lita 20 likifika kutoka ziwani, kutoka bomba la kartiye au juu ya chukudu (kigari cha mbao) ya mchuuzi, mama anajua tayari yatakavyokwenda: haya ya kunywa, haya ya kupikia, haya ya kuwaogesha watoto wa shule, haya ya vyombo. Fedha nazo zina mafungu yake: makaa, unga, mafuta, sabuni, kodi ya nyumba. Hedhi haimo katika hesabu hiyo. Kila mwezi inarudi, katika nyumba yenye wanawake watatu au wanne inarudi mara tatu au nne, inahitaji maji, sabuni, kitambaa na fedha, na hakuna aliyeiwekea chochote. Ndipo binti anapofua kitambaa chake kwa maji yaliyobaki katika beseni la vyombo, anakificha chini ya godoro kingali kibichi, anakosa shule siku mbili au tatu, na mwezi unaofuata anarudia yaleyale.

Ushauri wote utakaousoma hapa unatokana na jambo moja: hedhi ipewe fungu lake nyumbani, fungu la maji, la fedha, la jua na la mazungumzo. Kinachotolewa kwa kuombwa na kuonewa haya kitakosekana siku kitakapohitajika zaidi. Kilichotengwa mapema kitakuwepo hata siku ambayo mhitaji hawezi kufungua kinywa.

Kwanza, ujue kilicho cha kawaida

Kila mwezi mji wa mimba hutandika utando laini wa kupokea mimba. Mimba isipotungwa, utando huo hubomoka na kutoka pamoja na damu. Si uchafu uliokuwa umejificha mwilini, wala si ugonjwa.

Wasichana wengi huanza kati ya miaka 9 na 15. Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku inayotangulia damu nyingine. Kwa mwanamke mzima ni siku 21 hadi 35. Kwa msichana aliyeanza juzi unaweza kufika siku 45, na katika miaka ya mwanzo kurukaruka si jambo la kutisha. Damu hutoka kwa siku 2 hadi 7. Kwa siku zote hizo, damu yenyewe huwa kama mililita 30 hadi 40, yaani vijiko vikubwa viwili au vitatu. Machoni huonekana nyingi kwa sababu imechanganyika na ute na imesambaa kwenye kitambaa. Rangi ya kahawia mwanzoni au mwishoni ni damu iliyokaa kidogo kabla ya kutoka, haina ubaya.

Weka alama kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu: siku iliyoanza, siku iliyokwisha. Baada ya miezi mitatu utaanza kujua wiki gani utembee na pedi kwenye mkoba, na siku ukienda kwa muganga utakuwa na la kumjibu. Lakini kalenda hiyo isimdanganye msichana kwamba inamkinga na mimba. Yai hutoka kabla ya damu, kwa hiyo msichana anaweza kupata mimba hata kabla hajaona hedhi yake ya kwanza, na mzunguko ambao haujatulia haumwambii ni siku zipi.

Fungu la maji

Goma imesimama juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji huzama papo hapo katika nyufa za lava, na mji unalitegemea Ziwa Kivu. Lava ya mlima Nyiragongo iliposhuka tarehe 22 Mei 2021 iliharibu mabomba na tangi kubwa la maji. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme ulikatika, maji yakakatika, na watu wakashuka ziwani na mabidoni yao. Kila maji yanapoadimika, wa kwanza kupunjwa ni yule anayeona haya kusema anayahitaji kwa kazi gani.

Tusikadirie kwa macho. Viwango vya misaada ya kibinadamu vinavyoitwa Sphere, ambavyo mashirika huvitumia kambini, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na hedhi nayo vinaihesabu kwa namba. Kwa kila mwanamke au msichana vinataja pedi 15 za kutupa kwa mwezi, au pedi 6 za kufuliwa kwa mwaka, au kitambaa cha pamba cha mita 4 za mraba kwa mwaka. Vinaongeza chupi 6 kwa mwaka, na gramu 250 za sabuni kila mwezi juu ya sabuni ya kawaida. Hicho ndicho kiwango cha chini kwa mtu aliyekimbia bila kitu. Nyumba yenye paa na mlango ijitahidi isishuke chini yake.

Kwa maji, nashauri hivi. Chukua bidoni dogo la lita 5 lililokuwa la mafuta ya kupikia, lisafishe vizuri, liweke mahali pa kuogea. Mtu akiwa mwezini, bidoni hilo hujazwa kila asubuhi pamoja na mengine, na asiyehusika haligusi. Kwa siku tano ni lita 25, bidoni moja kubwa na kidogo. Si wingi wa kuifilisi nyumba, na unamwondolea binti kazi ya kuomba mara tano kila mwezi.

Sehemu ya maji hayo ni ya mwili. Osha sehemu za siri kwa nje tu, asubuhi na jioni, kwa maji safi na sabuni kidogo isiyo kali, ukipitisha mkono kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu wa haja kubwa usisogee mbele. Ndani ya uke usioshe. Humo mna vijidudu vya faida vinavyotengeneza asidi ya kuzuia magonjwa. Ukiingiza sabuni ya unga, ndimu, chumvi, Jik (dawa ya kung'arisha nguo) au dawa za majani, unaviua na kufungua njia kwa muwasho na uchafu wenye harufu. Nawa mikono kabla ya kubadilisha pedi na baada yake. Wengi hukumbuka baada na kusahau kabla.

Sehemu nyingine ni ya kufulia. Usipeleke vitambaa vya hedhi ziwani. Pale unapofulia, jirani anachota ya kunywa, na Goma kipindupindu hurudi mara kwa mara. Fulia nyumbani, na maji machafu yamwage chooni. Maji ya mvua uliyokinga kwenye bati yanafaa sana kufulia. Yatumie, ubakize yale yenye klorini kwa kinywa na kwa mwili.

Cha kuvaa: chagua kwa hesabu

Pedi za dukani, ambazo wengi wetu tunaziita Kotex hata zikiwa za kampuni nyingine, ni rahisi kutumia na hazidai maji mengi. Badilisha kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, na mapema zaidi siku nzito. Ukitumia nne kwa siku kwa siku tano, ni pedi 20. Pakiti ikiwa na pedi 8 au 10, mtu mmoja anahitaji pakiti mbili au tatu kila mwezi, na nyumba yenye wanawake watatu inahitaji sita hadi tisa. Zidisha kwa bei ya duka lenu, kwa franga au kwa dola, uandike jumla kwenye karatasi ileile ya sabuni na chumvi. Nyumba ikiona namba hiyo itajua kama inaimudu au itafute njia nyingine. Usinunue pedi zilizotolewa kwenye pakiti na kupangwa mezani barabarani: vumbi la Goma hukaa juu yake, na tarehe yake huwezi kuisoma.

Njia ya pili ni pedi za kufuliwa. Kwa familia nyingi za mji huu, hii ndiyo ninayoipendekeza zaidi, ilimradi kuna maji na jua. Bukavu, shirika la Uwezo Afrika lililoanzishwa na mwandishi wa habari Douce Namwezi N'Ibamba limeeneza pedi za namna hiyo kwa jina la Maisha Pad, pamoja na elimu ya hedhi. Uganda, kampuni ya AFRIpads inazitengeneza tangu mwaka 2010. Lakini fundi yeyote wa cherehani katika avenyi yenu anaweza kuzishona. Mpe kitambaa cha pamba kilicholainika kwa kufuliwa, kama kitenge cha zamani kisichochanika, kiwe tabaka la nje. Katikati aweke tabaka tatu au nne za flaneli au taulo. Urefu uwe kama sentimita 25, upana sentimita 8, na pande zote mbili mabawa yanayokunjwa chini ya chupi na kufungwa kwa kifungo. Ukitaka kizuizi cha kuvuja, kiwe tabaka la chini kabisa. Plastiki isiguse ngozi. Anza na pedi sita kwa mtu mmoja. Akina mama wa likelemba moja, yaani mchezo wa zamu wa fedha, au wa AVEC moja, kikundi cha kuweka na kukopa, wakinunua flaneli pamoja na kumlipa fundi mmoja, gharama hupungua, na mzunguko mmoja wa fedha unaweza kuwavisha mabinti wa kikundi kizima.

Njia ya tatu ni kitambaa kilichokunjwa, kile ambacho bibi zetu walikitumia. Hakina aibu yoyote. Kiwe cha pamba, kiwe safi, kikauke kabisa, kibadilishwe kwa saa zilezile, na kisitumiwe kwa kazi nyingine wala na mtu mwingine.

Njia ya nne ni kikombe cha hedhi, kidude laini cha silikoni kinachowekwa ndani ya uke kukinga damu. Hukaa hadi saa 12, kisha humwagwa, huoshwa na kurudishwa. Kabla ya kila hedhi na baada yake kichemshwe dakika tano katika sufuria yake peke yake. Kimoja hudumu miaka kadhaa. Mwaka 2019 jarida la The Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu vikombe hivyo, yakaonyesha kuwa ni salama na kuvuja kwake hakuzidi kwa pedi. Kinafaa mji wenye maji haba kwa sababu humwagwa mara mbili kwa siku. Ila kinadai mikono safi na mahali pa faragha. Asiye navyo abaki na pedi, na msichana asilazimishwe kukitumia asipotaka.

Visivyofaa kabisa ni vipande vya godoro, karatasi, majani, magazeti, na pamba inayoachia nyuzi. Hivi huchubua ngozi, hubaki ndani na kuoza, au huvuja barabarani.

Fungu la jua

Pedi iliyofuliwa vibaya huleta muwasho ule ambao wengi huusingizia hedhi yenyewe. Loweka kwanza kwa maji baridi, kwa kuwa ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi. Baada ya nusu saa mwaga, paka sabuni, fikicha, suuza hadi maji yatoke meupe. Beseni liwe la kazi hiyo tu. Jik ukiitia nyingi itaivunja flaneli na kukuchoma ngozi.

Kisha anika juani. Hapa ndipo haya inapotuponza: kitambaa kilichofichwa chini ya godoro au nyuma ya kabati hubaki na unyevu, na unyevu hukuza kuvu. Funga kamba mahali penye jua, na ukiona haya tandaza kitenge chepesi juu yake. Joto na hewa vitapita. Mawe meusi ya lava uani hushika joto vizuri, lakini tandika nguo safi kwanza kwa sababu ya vumbi. Miezi ya mvua, Septemba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei, jua la Goma ni la kubahatisha. Wakati huo pasi ya makaa ikamilishe ukaushaji, na hapo utaelewa kwa nini nimesema pedi sita: tatu hazitawahi kukauka kabla hujazihitaji tena. Zikishakauka zikunjwe na kuwekwa kwenye mfuko safi wa kitambaa. Mama akianika zake bila kujificha, binti naye atapata nguvu ya kuanika zake.

Kutupa katika mji wa mawe

Mahali pengi Goma, kuchimba choo ni kuvunja mwamba. Mashimo ni mafupi na hujaa upesi. Pedi ya dukani ina plastiki ndani, haiozi. Ikitupwa chooni kila siku hulijaza shimo ambalo familia kadhaa zinalitumia. Ikitupwa mtaroni, mvua huipeleka ziwani. Ifunge katika karatasi, iweke kwenye kopo lenye kifuniko, na taka zikusanywapo iende nazo. Kama kartiye haina wa kuzoa taka, choma katika shimo lililo mbali na nyumba, moto ukiwa mkali hadi iwe majivu. Kopo hilo lenye kifuniko lina thamani kubwa kwa wapangaji wa parseli moja; mwenye nyumba aliweke kama anavyoweka mlango wa choo.

Maumivu na chakula

Maumivu ya tumbo la chini siku ya kwanza na ya pili huwapata wengi. Kitambaa cha moto au chupa yenye maji ya moto juu ya tumbo husaidia kweli. Kutembea na kujinyoosha pia. Kama dawa inahitajika, ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, kila saa 6 hadi 8, bila kupita miligramu 1,200 kwa siku pasipo muganga, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, maumivu yanapobisha hodi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au mjamzito asiitumie; paracetamol ni afadhali kwake. Usinunue vidonge vilivyofunguliwa kwa mchuuzi anayezunguka navyo.

Damu inayotoka kila mwezi inachukua madini ya chuma. Kuyarudisha hakudai chakula cha gharama: maharage, sombe, lengalenga, ndagala na sambaza wa ziwani vinayo. Kula pamoja na nyanya, chungwa au maracuja ili mwili uyapokee vizuri, na chai kali isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huyazuia. Mpe binti kipande chake cha samaki wakati huu, wala asiwe wa mwisho kupakuliwa.

Dalili za kwenda kwa muganga

Nenda kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya: pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, damu inapita siku 7, mabonge makubwa yanayozidi sentimita mbili na nusu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja na midomo kupauka, maumivu yanayomlaza mtu kila mwezi bila kusikia dawa, homa pamoja na uchafu wenye harufu kali, damu baada ya tendo la ndoa au katikati ya mwezi, damu yoyote kwa mwanamke ambaye hedhi yake imekoma kwa mwaka mzima. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuona hedhi naye apelekwe. Damu ukiwa na mimba, au baada ya hedhi kuchelewa na maumivu makali ya upande mmoja, ni ya kukimbia hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Hedhi wakati wa vita

Njaa, hofu na usingizi wa kubahatisha huweza kuchelewesha hedhi au kuikata kwa miezi. Wanawake wengi wa Kivu wameyaona haya wakafikiri wamerogwa. Kwanza pima mimba. Kama haipo, mara nyingi hedhi hurudi mwili ukipata chakula na utulivu, na isiporudi baada ya miezi mitatu nenda ukapimwe. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo huweza kuvuruga damu au kuifunga kabisa. Hakuna damu inayojikusanya ndani. Utando umekuwa mwembamba, basi.

Damu inayofuata ubakaji usiichukulie kuwa hedhi. Aliyetendewa hivyo afike kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinahitaji kuanzwa ndani ya muda huo; ya kuzuia mimba huweza kusaidia hadi saa 120. Akichelewa aende vilevile: majeraha, magonjwa ya zinaa na moyo ulioumizwa vina matibabu. Goma, hospitali ya HEAL Africa imewahudumia manusura kwa miaka mingi. Matibabu huja kwanza. Kushtaki au kutoshtaki utaamua baadaye. Kosa si lako.

Mji huu unajua kukimbia. Tarehe 27 Mei 2021 sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuondoka kwa hofu ya volkano; wengine wakaenda Sake, wengine Minova, wengine wakavuka Gisenyi. Familia nyingi zina mfuko wa vyeti karibu na mlango. Ongeza mfuko mwingine mdogo kwa kila mwanamke: chupi mbili, pedi sita au kitambaa safi, kipande cha sabuni, kitenge cheusi, mifuko miwili inayofungika kwa zilizotumika, na vidonge vya maumivu. Safarini na hifadhini wasichana waende chooni wawiliwawili, mmoja akishika mlango, hasa usiku. Mwenye sauti katika kamati ya wakimbizi adai komeo la ndani kwenye vyoo vya wanawake, na taa.

Shule

Msichana akikosa siku tatu kila mwezi kwa miezi tisa, amekosa siku 27. Kwa shule zetu zinazosoma hadi Jumamosi, hizo ni wiki nne na nusu za masomo. Kamati ya wazazi iulize mambo manne tu: je, choo cha wasichana kina komeo kwa ndani? Kuna maji karibu nacho? Kuna kopo lenye kifuniko? Kuna mwalimu wa kike mwenye pedi za akiba na sketi ya buluu ya ziada, ambaye kila msichana anamjua? Shule nyingi za Rwanda, hatua chache kutoka mpakani kwetu, zina chumba cha wasichana cha kujisafisha na kupumzika. Kwetu, kona moja iliyozibwa kwa turubai yaweza kuwa mwanzo.

Kuhusu bei, tuna la kujifunza kwa majirani. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004, na sheria yake ya 2017 ikaipa serikali wajibu wa kuwapa pedi wanafunzi wa kike. Rwanda iliondoa kodi hiyo Desemba 2019. Tanzania iliiondoa mwaka 2018 ikairudisha mwaka 2019, serikali ikisema wauzaji hawakushusha bei. Tudai sheria nzuri, na tuzisimamie zikipatikana. Lakini binti anayeingia mwezini wiki hii hawezi kuzingoja.

Fungu la mazungumzo

Binti aambiwe kabla ya siku yenyewe, akiwa na miaka 8 au 9. Maneno yasiwe mengi: «Mwanangu, siku moja utaona damu kwenye chupi. Huumwi, na hujakosa kitu. Mimi pia ilinianza hivyo. Pedi ziko hapa, maji yako ni haya, ukiwa na shida uniambie hata usiku.» Asiye na mama aambiwe na shangazi, yaya au tantine, na baba aliyebaki peke yake na mabinti asingoje shangazi afike kutoka Butembo, aseme mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Mwenye ulemavu naye aambiwe, kwa ishara au kwa kuonyeshwa, kwa sababu mwili wake haukusahau.

Baba, maneno yako yana uzito hapa. Ukitoa fedha za pedi bila kuuliza mara mbili, nyumba nzima imejifunza. Mvulana asikie pia, ili darasani asicheke doa kwenye sketi ya mwenzake, na siku akiwa mume asione ajabu kuingia farmasia. Zipo familia zinazomkataza mwanamke aliye mwezini kupika au kugusa vyakula fulani. Anayetaka kupumzika apumzike, na Mwislamu kwa dini yake haswali wala hafungi siku hizo. Lakini mkono uliooshwa ni mkono safi, mwezini au nje ya mwezi, na chakula hakiharibiwi nao.

Anza Jumamosi hii

Tafuta bidoni moja la lita 5. Nunua flaneli kidogo, uipeleke kwa fundi. Funga kamba mahali penye jua. Weka kopo lenye kifuniko. Andika mstari mmoja mpya kwenye hesabu ya mwezi, kisha waite watoto, wa kike na wa kiume, uwaonyeshe kila kitu kilipo.

Ukishamaliza kwako, tazama parseli yenu. Nyumba nyingi za Goma zimepokea watoto wa jamaa kutoka Masisi, Rutshuru na eneo la Nyiragongo, na katika nyingi kuna binti mmoja mgeni, hana mama karibu, anaogopa kuonekana mzigo. Huyo hataomba. Mhesabu pamoja na wako: pedi zake sita, sabuni yake, lita zake 5. Na kama uwezo wako hautoshi, upeleke jina lake kwenye likelemba au kwa reko (mhudumu wa afya) wa kartiye, ili kundi libebe kile ambacho nyumba moja haikuweza.